Ngazi inaanzia kwenye kilo: nilivyosoma "The World for Sale"



Mudogo wangu anamaliza sekondari mwaka huu. Ameniuliza: "Yaya, nikitaka kuwa mufanyabiashara mukubwa wa kahawa, ule anayeuza konteneri kwa simu, niingie fakilte gani?" Ili nimujibu vizuri, nilisoma kitabu cha waandishi wa habari Javier Blas na Jack Farchy, kilichotoka 2021. Nilikisoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni.

Kitabu kinavutia. Kinasimulia Marc Rich, aliyeingia Philipp Brothers, New York, mwaka 1954, akianzia chumba cha barua. Miaka 20 baadaye alianzisha kampuni yake, ile ambayo leo inaitwa Glencore. Wandugu wa Kolwezi wanaijua. Ivan Glasenberg, aliyekuja kuiongoza, alikuwa muhasibu, akaanzia kwenye makaa ya mawe. Somo la kwanza njo hilo: diploma peke yake haikuketishi kwenye meza ya kuuza na kununua. Unaanzia chini: makaratasi, meli, bima, kilo zinazopotea njiani.

Lakini hapa njo nagombana nacho. Kinaongea sana mafuta, madini na nafaka, na kinapenda mno ushujaa, sawa vile ushujaa tu njo unapandisha mutu. Mimi nilifanya musimu muzima kwenye kituo kimoja cha kuoshea kahawa, huku Kivu. Nilipima matunda ya wakulima. Kwa kunusa tu nilijua mufuko gani umeanza kuchacha. Bei ya arabika inafuata soko la New York, kwa senti na ratili. Mimi kila asubuhi nilipewa bei ya kilo kwa franka, basi. Siku moja niliuliza inatoka wapi. Walinijibu: "Wewe pima." Ngazi ilikatikia pale. Sikukosa ushujaa, nilikosa habari, na mukopo wa kununua hata gunia moja la kilo 60.

Kwa hiyo, mudogo wangu, agronomia si njia mbaya. Mutu anayejua kuonja kahawa na kutambua kasoro anaingilia mulango wa ubora, na mulango huo unapakana na wa mauzo. Lakini usimalize lisansi kama mimi, bila kujua kusoma mukataba na kugeuza bei. Tuseme senti 200 kwa ratili: ni dola 4,41 kwa kilo. Toa kukoboa, magunia, kodi, lori mpaka Mombasa. Kinachobaki njo mazungumzo yenyewe, na mukulima hayuko kwenye simu.

Kitabu mukisome, kinafaa. Ila kwa kila shujaa wake, mujiulize nani alikuwa anapima.

Na wakubwa wetu ambao mulishafika kwenye hiyo meza: muchukue kijana mumoja wa staji, na mumuonyeshe bei.