Ukuta Kwanza, Matembezi Baadaye: Somo la Mizingani

Njia ya matembezi ya ufukweni, yaani barabara ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli inayofuata ukingo wa bahari, hudhaniwa na wengi kuwa kazi ya kutandaza vigae na kupanda miti, ilhali kazi hiyo huanzia chini ya maji. Hilo lilidhihirika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako Bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, ilifunguliwa upya mwaka 2009, kisha ukuta wa bahari wa Mizingani, wenye urefu wa zaidi ya mita 300, ukajengwa upya chini ya ZUSP, mradi wa huduma za miji uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Kiini cha tatizo ni kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Yakijaa, hupenya nyufa za ukuta mkongwe na kulowesha kifusi kilicho nyuma yake. Yakipwa, hurudi baharini na mchanga kidogo kidogo, hata pango likafanyika na lami ikabaki inaning'inia bila cha kuibeba. Mpita njia halioni pango hilo mpaka siku ardhi inapodidimia. Kwa hiyo msingi wa ukuta wa namna hii hushushwa kupita kina ambacho mawimbi huweza kuchimba, na ukuta wenyewe hutobolewa vitundu vya kutolea maji, ambavyo nyuma yake hupangwa kokoto na kitambaa cha kuchujia, kinachopitisha maji na kuzuia mchanga. Maji ya mvua yatokayo mjini nayo hupewa mfereji wake, yasije yakaukandamiza ukuta kutoka nyuma.

Msingi ukishatulia, ndipo upana hugawanywa. Baiskeli mbili zinazopishana huhitaji takriban mita 3 zisizoingiliana na watembeao, na katika mji wa pwani ya bara kama Bagamoyo, ambako mchuuzi wa samaki hufunga tenga nyuma ya baiskeli yake, kipimo hicho hakina ziada. Ufukwe wa Bagamoyo pia ni mahali pa kazi, panapovutwa mashua na kunadiwa samaki. Ukuta usio na ngazi wala miteremko ungempa mtembezi mandhari na kumnyima mvuvi njia yake.

Mawe magumu ya kazi kama hiyo hayako mbali na Bagamoyo, kwa kuwa machimbo ya Lugoba, kaskazini ya Chalinze, ni miongoni mwa yanayolisha ujenzi wa Dar es Salaam kwa kokoto. Mji utakaotaka watu wake watembee salama kando ya bahari hauna budi kugharimia kwanza mawe yatakayofukiwa, kwa maana hayo ndiyo yatakayowabeba.