Ana kwa Ana na Suala la Mamlaka: Uhakiki wa Azimio la Ajaili katika Muktadha wa Timu Zilizotawanyika

Azimio la Ajaili lilitungwa Februari 2001 huko Snowbird, Utah, nchini Marekani, na wataalamu 17 waliotaka programu ziundwe kwa awamu fupi zinazokubali mabadiliko. Mojawapo ya kanuni zake 12 inashikilia kwamba mazungumzo ya ana kwa ana ndiyo njia bora ya kupashana habari katika timu. Uhakiki huu unadai kwamba kanuni hiyo haihusu mawasiliano pekee, bali inabeba pia, kimyakimya, muundo wa mamlaka katika mradi.

Katika chumba kimoja, anayeamua huonekana na anayepinga husikika. Timu inapogawanywa baina ya Nairobi na San Francisco, zinazotofautiana kwa saa 10 au 11, hali hiyo hutoweka. Walio Nairobi huamka na kukuta uamuzi umekwisha kupitishwa. Azimio linaitaka timu ijipange yenyewe, lakini kwa vitendo upande mmoja hupanga na mwingine hutekeleza.

Mwongozo wa Skramu wa 2020 unalitatua tatizo hili nusunusu. Unaeleza kwamba mmiliki wa bidhaa ni mtu mmoja, si kamati. Hivyo mwenye kauli ya mwisho anajulikana. Hata hivyo, unaagiza kikao cha kila siku cha dakika 15 kifanyike wakati uleule na mahali palepale, bila kuuliza wakati huo ni mchana wa nani.

Mradi wa Linux unatoa mfano kinzani. Wachangiaji wake wametawanyika duniani, na mabishano yao huhifadhiwa kwa maandishi. Aidha, utaratibu ulioanzishwa 2004 unamtaka kila anayewasilisha au kupitisha badiliko aliwekee jina lake. Mamlaka ya Linus Torvalds na wasimamizi walio chini yake ni makubwa, lakini yanaonekana; kwa hiyo yanaweza kuhojiwa.

Mfano huo hauwezi kuigwa mzimamzima, kwani Linux haifungwi na mkataba wa mteja mmoja. Hata hivyo, unabainisha upungufu wa Azimio, ambalo linathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi. Kwa timu iliyotawanyika, kumbukumbu ya nani aliamua, lini na kwa hoja gani si urasimu. Ndiyo nafasi pekee ya aliye mbali kushiriki katika uamuzi anaotakiwa kuutekeleza.