Kitanda cha Kioo

Kuziweka koseti za mchoraji Frida Kahlo ndani ya makabati ya kioo yaliyoundwa kwa mfano wa kitanda cha nguzo nne lilikuwa kosa, na sioni namna ya kulitetea. Mliofika kwenye maonyesho yake katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, mwaka 2018, mnakikumbuka chumba kile: plasta, ngozi, mikanda, na ule mguu wa bandia uliovishwa buti jekundu lenye darizi.

Tuanze na kitanda chenyewe. Baada ya ajali ya basi ya Septemba 17, 1925, iliyomvunja uti wa mgongo, Frida aliwekewa kioo cha kujitazamia juu ya kitanda na kutengenezewa ubao wa kuchorea akiwa amelala chali. Kitanda kikawa karakana yake, na koseti nazo zikawa turubai. Ile ya plasta yenye nyundo na mundu kifuani, na chini yake, tumboni, kijusi kilichojikunja, aliichora mgonjwa mwenyewe. Hiyo ni kazi ya sanaa. Ilistahili ukuta wake na mwanga wake kama mchoro mwingine wowote. Ukiiweka kitandani unairudisha wodini, kulekule alikokuwa akipambana kujitoa kwa brashi na rangi.

Tena Frida alishatuonyesha jinsi kitanda kinavyotumika kwenye maonyesho. Aprili 1953, Lola Álvarez Bravo alipomwandalia maonyesho Mexico City, madaktari walimkataza kuamka. Akatanguliza kitanda chake ukumbini, kisha akaja kwa ambulensi, akabebwa kwa machela, akalazwa katikati ya watu akiwa amejipamba, akapokea wageni wake. Mwaka huohuo mguu wake wa kulia ulikatwa. Kitanda kile kilikuwa na mwenyeji. Cha London kilibeba vifaa vya maradhi yake, mwenyewe hayupo wa kusema karibu. Kwetu chumba cha mgonjwa hakiingiwi bila hodi.

Nimelalamika hapa mara nyingi juu ya tabia hii ya kuonyesha vyombo vya msanii kuliko kazi yake, na nitaendelea kulalamika. Vitu zaidi ya 200 viliwekwa mbele yetu, vingi kutoka Nyumba ya Buluu, nyumbani kwake Mexico City, vilikofungiwa bafuni baada ya kifo chake mwaka 1954 hadi 2004. Penseli ya nyusi ya Revlon inagusa moyo, sikatai. Mwanamke aliyevunjika uti wa mgongo na bado akakaa mbele ya kioo kujipamba ana la kutufundisha. Ila nyusi zile zilizokutana tulishazijua kwenye michoro, alikozichora kwa mkono wake.

Laura Mulvey na Peter Wollen, walioandaa maonyesho ya Frida katika jumba la sanaa la Whitechapel, London, mwaka 1982, waliwazidi mbali waandaaji wa Victoria and Albert. Waliiweka michoro ya Frida ubavuni mwa picha za mpigapicha Tina Modotti, wanawake wawili waliofanya kazi Mexico baada ya mapinduzi, wakaziachia kazi zao zizungumze. Bafu la Nyumba ya Buluu lilikuwa bado limefungwa, na ustahimilivu wa Frida ulionekana bila koseti hata moja kutolewa humo.

Atakayeiazima tena koseti ile ya plasta aitundike ukutani, na chini yake aandike kama anavyoandika chini ya mchoro: Frida Kahlo, rangi juu ya plasta.