Kiraka Hakirudishi Kilichovuja

Mnamo Aprili 7, mwaka 2014, watunzaji wa OpenSSL, programu huria inayosimba mawasiliano ya kompyuta, walitoa toleo la 1.0.1g ili kuondoa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu toleo la 1.0.1 la Machi 2012. Kompyuta iliyoulizwa ilirudisha maneno kwa urefu alioutaja muulizaji, bila ya kuuhakiki. Hivyo kwa kila swali yaliweza kutoka yaliyomo katika kumbukumbu yake, hadi kilobaiti 64, nywila na funguo za siri zikiwamo. Tumeuchagua mfano huu kwa kuwa unapima vyema istilahi tatu zitumiwazo na wafasiri wetu.

Kwanza, "udhaifu". Neno hili ni pana mno. Mgonjwa huwa dhaifu, na hoja huweza kuwa dhaifu, wala hakuna mwizi apitaye humo. Twapendekeza "mwanya", kwani mwanya hupitisha kitu, na huzibwa.

Pili, "vitambulisho". Kwa mtumishi wa serikali, kitambulisho ni kadi yenye picha, nayo huonyeshwa mlangoni. Nywila haionyeshwi mtu. Afadhali mfasiri aseme "siri za kuingilia", nywila na funguo zikiwa chini yake.

Tatu, "kiraka". Wako wanaolilaumu neno hili kuwa ni la kifukara. Sisi hatukubaliani nao: limekwisha kuzoeleka, na fundi cherehani ajua kwamba kiraka kizuri hudumu. Kosa liko katika kitenzi kinachofuatia. Tafsiri isemayo "kiraka kimerudisha usalama" yapotosha, kwani kiraka huziba mwanya tu. Maji yakimwagika hayazoleki. Katika kisa cha Heartbleed, baada ya kutia kiraka ilipasa funguo zibadilishwe, vyeti vya zamani vibatilishwe, kisha ndipo watu wabadili nywila zao. Aliyebadili nywila kabla ya mwanya kuzibwa aliweza kuibiwa hata ile mpya.

Kwa hiyo "kuziba" na "kubadili" ni vitendo viwili, na tangazo la Kiswahili halina budi kuvitaja vyote kwa utaratibu wake. Istilahi isiyomwonyesha msomaji la kufanya, hata ikiwa fasaha, haijatimiza kazi yake.