Open City: Daktari Anayetembea Peke Yake

Kwetu mgeni akishaaga ndipo maongezi yenyewe yanapoanza. Amekaa sebuleni saa mbili nzima, mmeongea habari za watoto na bei ya mchele, kisha anasimama nawe unatafuta kandambili umsindikize. Mkikaribia kituo cha daladala, kila mmoja akiangalia mbele, ndipo anakwambia: "Ila kusema ukweli, mwenzio nyumbani hakukaliki." Lililomleta analisema njiani.

Wapo wataalamu wa afya ya akili Ulaya na Marekani walioifanya njia hiyo kuwa tiba. Badala ya kukaa ofisini wakitazamana, mshauri na mteja wake wanatembea bega kwa bega bustanini au ufukweni. Hoja zao zinaeleweka: usipotazamwa usoni aibu hupungua, na mkinyamaza kidogo hakuna anayeona ajabu. Wala si jambo la jana. Agosti 1910 mtunzi wa muziki Gustav Mahler, ndoa yake ikiwa inayumba, alimfuata Sigmund Freud aliyekuwa likizoni Uholanzi. Wakatembea mitaa ya mji wa Leiden kwa takriban saa nne wakizungumza.

Nimeisoma upya Open City ya Teju Cole, iliyotoka 2011, nikiwa na hayo kichwani. Sijaona riwaya nyingine inayoiuliza tiba hii swali gumu namna ile. Msimulizi wake, Julius, amezaliwa na baba Mnigeria na mama Mjerumani, na yuko New York akimalizia mafunzo ya udaktari wa magonjwa ya akili. Akitoka kazini anatembea. Anaizunguka Manhattan juu hadi chini, anafika yalipoanguka majengo pacha, anafika kwenye makaburi ya Waafrika waliokuwa watumwa, ambayo mji umeyajengea maghorofa juu yake. Kutembea kunamtuliza baada ya kutwa nzima ya kusikiliza wagonjwa.

Kitabu hiki husifiwa kwa macho yake, na kinastahili. Julius anaona ndege, majengo, michoro, na anajua historia ya kila kona. Lakini hebu tumwangalie kama vile angemwangalia mgonjwa wake. Jirani wa mlango wa pili anamwambia kwamba mkewe alifariki miezi kadhaa iliyopita. Julius hakuwa na habari, na ukuta ni mmoja. Anasafiri hadi Brussels na wazo la kumtafuta bibi yake mzaa mama. Wiki zinapita, anabishana siasa na Farouq, kijana wa Morocco anayefanya kazi kwenye duka la intaneti na simu, na bibi hampati. Sehemu hiyo ya Brussels, kwa maoni yangu, inavuta mno. Farouq anageuka mhadhara. Hata hivyo inatuonyesha jambo: Julius anapenda kusikia ya watu, mradi yasimguse yeye.

Angalieni pia jinsi mazungumzo yalivyoandikwa. Kitabu kizima hakina alama za kufunga na kufungua usemi. Maneno ya jirani, ya profesa mzee Saito, ya mkimbizi aliyeko kizuizini, yote yanatiririka ndani ya sauti ya Julius kana kwamba ni mawazo yake. Mara ya kwanza nilidhani ni urembo wa uandishi tu. Sasa naona ndiyo tabia yenyewe ya mtu huyu: kila anayezungumza naye, anammeza.

Halafu anakuja Moji. Wasiosoma bado, nawaonya, maana hapa lazima niseme. Karibu na mwisho, baada ya tafrija, huyu dada waliyefahamiana utotoni Nigeria anamwambia kwamba walipokuwa vijana wadogo alimwingilia kwa nguvu. Amelibeba jambo hilo miaka yote. Anamwomba aseme neno. Julius hasemi. Anatuhadithia kisa cha Nietzsche, kisha anaondoka, na riwaya inaendelea kana kwamba mtu ameuliza saa tu. Mwenda pole hajikwai, wahenga walisema. Huyu anaenda polepole kiasi kwamba hata akijikwaa husikii kishindo.

Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Kazimoto wa Kichwamaji (1974). Naye ni msomi, kichwa kimejaa, na mwisho anajiua. Kezilahabi alimwacha msomi wake aangamizwe na yale anayoyajua. Cole amefanya jambo ambalo kwangu linatisha zaidi: wake haangamii. Anaendelea kutibu watu.

Kuna wanaomlaumu Cole kwa kumpa Moji kurasa chache vile. Lawama hiyo siipuuzi. Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimekaa na wanawake waliosimulia mambo ya aina hii, na mara nyingi walichotaka hakikuwa huruma yangu. Walitaka aliyetenda ajibu. Msomaji aliyebeba mzigo kama wa Moji anaweza kukifunga kitabu akihisi amenyamazishwa mara ya pili. Lakini kurasa zile ni za Julius, si za Cole. Mwandishi angempa Moji sura nzima, tungetoka tumeridhika, na Julius angepata msamaha wa bure. Kwa kumnyima jibu, ametuachia sisi swali ambalo daktari amelikimbia.

Karibu na mwisho riwaya inatupeleka kwenye muziki wa Mahler yuleyule, simfoni ya tisa, katika ukumbi wa Carnegie Hall. Julius anatoka kwa mlango usio sahihi, anajikuta nje kwenye ngazi za dharura, na mlango umejifunga nyuma yake. Mvua inanyesha. Mahler kule Leiden alikuwa na mtu pembeni anayemuuliza maswali. Julius, mwenye kazi ya kuuliza, hana.

Ndiyo maana nikiona matangazo ya matembezi ya afya ya akili, yenye fulana na maji ya chupa, nauliza kwanza nani atazungumza na nani. Miguu inaweza kukupeleka kwenye tatizo lako, na inaweza kukupitisha mbali nalo kila jioni, miaka na miaka, huku ukijisikia vizuri kabisa. Kisomeni kitabu hiki. Mkifika kwa Moji, msigeuze ukurasa haraka kama yeye alivyofanya. Kaeni hapo kidogo, kisha mniambie: mngemjibu nini?