Kimeng'enya: Istilahi Njema Iliyotwishwa Mzigo Mkubwa

Miongoni mwa istilahi za biolojia zilizokwisha kuzoeleka katika kamusi na vitabu vyetu, kimeng'enya ni mojawapo ya zile zinazostahili sifa. Imeundwa kwa kiambishi ki- na kitenzi meng'enya. Wingi wake, vimeng'enya, hauna taabu. Na sikio la Mswahili halihisi ugeni ndani yake. Hata hivyo, uzuri wa umbo si kipimo pekee cha istilahi. Yatupasa kuuliza pia kama umbo hilo linaitosha dhana.

Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu kuwa vipande vidogo, na hasa kukisaga chakula tumboni. Kwa maana hiyo istilahi hii inaifaa kabisa amilesi ya mate, ambayo huvunja wanga kuwa sukari, na pepsini ya tumboni, ambayo huvunja protini. Lakini biokemia haiishii tumboni. Katika ini, glaikojeni sinthesi huunganisha molekuli za glukosi na kujenga glaikojeni, ambayo ni akiba ya mwili. Katika kiini cha seli, DNA polimeresi hujenga nakala mpya ya DNA kabla seli haijagawanyika. Sifa inayoziunganisha protini zote hizi ni kwamba huharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kumalizika. Kuvunja ni kazi ya baadhi yake tu. Mwanafunzi anayesoma kwamba kimeng'enya hujenga glaikojeni ana haki ya kushangaa: mvunjaji amekuwaje mjenzi?

Watetezi wa istilahi hii wana hoja mbili. Kwanza, neno la kigeni lenyewe, lililobuniwa na Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870, lilitokana na Kigiriki kwa maana ya "ndani ya chachu", wala asili hiyo haikulizuia kuenea. Ni kweli, lakini mwanafunzi wa Ulaya haisikii chachu katika neno hilo, ilhali Mswahili husikia mmeng'enyo kila atamkapo kimeng'enya. Pili, husemwa kwamba maana hupanuka: ndege wa angani alikipa jina lake chombo cha kusafiria, na hakuna anayekosea. Hapo muktadha hutenganisha. Kimeng'enya na mmeng'enyo hukutana katika somo moja, pengine katika ukurasa mmoja, na muktadha hauna msaada.

Wengine wangependelea kichocheo. Nalo lina kazi nyingine: katika kemia huitwa hivyo hata madini kama platini, na katika fiziolojia hutajwa kila kinachoamsha hisia.

Pendekezo letu ni kwamba enzaimu itumike kwa dhana nzima, na kimeng'enya kibakizwe kwa zile zinazosaga chakula. Hivyo kila kimeng'enya kitakuwa enzaimu, lakini si kila enzaimu itakuwa kimeng'enya. Hatutakuwa tumelitupa neno letu, bali tumelirudisha mahali linaposema kweli. Hadi uamuzi utakapotolewa, mfasiri na aeleze mwanzoni mwa kitabu chake ni maana ipi anayoikusudia, na mwalimu asiliandike neno hili ubaoni kabla ya kutaja mfano mmoja wa enzaimu inayovunja na mmoja wa inayojenga.