Jinsi ya Kulipima Routemaster Lililofufuliwa

Ukiitwa kulitazama basi la ghorofa la Routemaster lililofufuliwa, usianze na rangi. Nyekundu ya London humpendeza kila mtu, na mpiga rangi hodari anaweza kulivisha basi lililooza likatoka vizuri kwenye kila picha. Piga magoti kando ya gurudumu la nyuma, washa tochi, utazame pale chuma kinapokutana na alumini. Hapo ndipo fundi anapojulikana.

Routemaster halikujengwa juu ya chesi kama malori na mabasi mengi tuliyoyazoea. Wahandisi wa London Transport, chini ya A. A. M. Durrant, walikuwa wamejifunza kazi ya alumini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, shirika lao liliposhiriki kuunda ndege za kivita aina ya Halifax. Ujuzi huo wakauleta kwenye basi la ghorofa. Bodi ya alumini inajibeba yenyewe, na chini yake hufungwa fremu mbili za chuma: ya mbele hubeba injini, usukani na magurudumu ya mbele, ya nyuma hubeba ekseli. Ndiyo maana basi lenye viti 64, 36 juu na 28 chini, lina uzito wa tani saba na nusu hivi tu likiwa tupu.

Uzuri huo una gharama yake. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, hasa maji yenye chumvi inayomwagwa barabarani Uingereza wakati wa barafu, alumini ndiyo inayoliwa. Usitafute kutu nyekundu pekee. Tafuta unga mweupe, na bati lililovimba kuzunguka ribiti. Fundi wa kweli hulibandua bati lote, hukata palipooza hadi afike kwenye metali nzima, hupaka kizuizi kati ya metali hizo mbili, kisha hupiga ribiti mpya kwenye matundu yaleyale ya zamani. Kagua mstari wa ribiti kwa kidole: nafasi ziwe sawa, na bati lisiwe limebonyea kuzunguka vichwa. Fundi wa njia ya mkato hujaza pati, akapiga msasa, akapulizia rangi, na mwaka wa pili nyufa zinaanza kujitokeza.

Nenda na sumaku ndogo mfukoni. Ipitishe ubavuni, kwenye mabati ya chini ya madirisha. Sumaku haishiki alumini. Ikishika mahali, kuna kiraka cha chuma, na kiraka hicho kimeshaanza kuyala mabati ya jirani. Sijaona kifaa kingine cha bei rahisi kinachosema ukweli mwingi kiasi hicho. Halafu simama kwenye jukwaa la nyuma, lile lisilo na mlango, ambalo kwa miaka mingi lilipokea mvua yote ya London pamoja na vishindo vya abiria wanaorukia basi likiwa linaondoka. Weka uzito wako wote ukingoni. Lisinese wala lisilie.

Wanaonunua kwa mara ya kwanza hupenda kuuliza kama basi ni lenyewe la asili, kwamba namba iliyo kwenye boneti ndiyo iliyozaliwa na bodi hii. Kuuliza hivyo ni kutolijua Routemaster. Kati ya mwaka 1956 na 1986 London Transport ilikuwa na karakana kubwa mno huko Aldenham, kaskazini-magharibi mwa London, ambako kila basi lilirudishwa baada ya miaka kadhaa kufanyiwa ukarabati wa jumla. Bodi iliinuliwa kutoka kwenye fremu, kila kimoja kikaenda na mkondo wake wa kazi. Kutengeneza bodi kulichukua muda mrefu kuliko kutengeneza fremu, kwa hiyo fremu zilizokuwa tayari zilifungiwa bodi nyingine iliyokwisha kukamilika. Zaidi ya hapo, basi lililoingia karakanani lilikabidhi namba yake na leseni yake ya barabara kwa basi lililokuwa likitoka siku hiyo, ili leseni isikae bure. Basi la namba fulani lililoondoka kituoni Jumatatu na lile lililorudi na namba hiyohiyo huenda hayakuwa na hata bati moja la pamoja.

Hili wengine huliona kasoro. Mimi naliona ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya gari hili: vipuri vyake vilitengenezwa kwa vipimo vya uhakika hadi bodi yoyote, tofauti chache za matoleo zikizingatiwa, ikakaa juu ya fremu yoyote. Kwa hiyo anayekuuzia kwa madai ya uasilia wa namba moja tangu kiwandani akuonyeshe kumbukumbu za karakana. Akikosa, madai yake hayana uzito. Anayekueleza bodi hii ina kibati cha namba gani, na imewahi kubeba namba zipi nyingine, huyo amefanya kazi yake.

Kipimo chenye maana ni mwaka. Routemaster la kwanza, RM1, lilionyeshwa London mwaka 1954. Uzalishaji ukaendelea hadi 1968, yakatoka mabasi yapatayo 2,876. Na huduma ya kawaida ikakoma tarehe 9 Desemba 2005 kwenye njia namba 159. Ni nusu karne, na sura ya basi ilibadilika mara nyingi ndani yake. Mfufuaji lazima achague: nalirudisha basi hili kwenye mwaka upi? Akishachagua, kila kitu kifuate. Maandishi ya dhahabu ya LONDON TRANSPORT ubavuni ni ya miaka ya mwanzo. Alama nyeupe ya duara lenye mstari ilikuja miaka ya 1970. Balbu za kawaida darini ni za zamani. Taa ndefu za mirija ni za ukarabati wa miaka ya 1990, ambapo pia injini za AEC za lita 9.6 ziling'olewa kwenye mabasi mengi, zikawekwa za Cummins, Iveco au Scania. Ukikuta maandishi ya dhahabu nje, taa za mirija ndani na Cummins ikinguruma chini ya boneti, mwenye basi alikuwa na fedha bila kuwa na mwaka. Lakini Routemaster lililobakishwa kama lilivyokuwa 2004, na injini yake ya Cummins na mpangilio wote wa siku zile, linastahili heshima ileile kama la 1962. Wapo wanaolidharau. Wanakosea, kwa sababu hivyo ndivyo abiria wengi walio hai wanavyolikumbuka.

Ndani, tumia mikono. Mbunifu Douglas Scott alichagua damu ya mzee kwa sehemu za chini, kijani kwa fremu za madirisha na njano hafifu kwa dari, rangi zilizokusudiwa kuficha uchafu wa mikono na moshi wa sigara bila kumtia abiria huzuni. Njano ikiwa kali kama ya kopo la dukani, hakuna aliyelinganisha na kipande cha zamani. Kitambaa cha viti kina miraba iliyofumwa. Tazama kama mistari ya mgongo wa kiti inaangukia mistari ya kalio. Zungusha kila mpini wa dirisha, usiruke hata mmoja: kioo kishuke kwa mwendo mmoja na kisimame pale unapokiachia. Vuta kamba ya kengele ukiwa mbele, kisha ukiwa nyuma. Kondakta alitoa kengele moja kusimamisha, mbili kuondoa, tatu kumwambia dereva kwamba basi limejaa, kwa hiyo sauti lazima itoke safi na ikatike, isiburure.

Panda juu hadi viti vya mbele kabisa. Wakazi wa Nairobi waliopanda mabasi ya ghorofa ya kampuni ya KBS wanajua kwa nini viti hivyo hugombaniwa. Kaa, kisha inua macho ukague kona za dari juu ya kioo. Doa la kahawia hapo ni mvua inayopenya, na mvua hiyo inashukia ndani ya nguzo usizoziona. Soma pia kitambaa cha majina ya vituo kinachozungushwa kwa mpini, chenye herufi alizobuni Edward Johnston mwaka 1916. Njia iliyoandikwa iwe ilikuwepo katika mwaka uliochaguliwa.

Kisha lipande likiwa linakwenda, na watu ndani, maana basi tupu halionyeshi udhaifu wake. Dereva hana klachi ya kukanyaga. Gia ziingie bila kutikisa abiria waliosimama. Magurudumu ya mbele yana springi za koili, kila upande kivyake, kwa hiyo shimo la kushoto lisiutikise usukani wote. Routemaster lisilotembea hufa polepole: mipira ya breki hukauka, mafuta hushuka, unyevu huganda kwenye viungo. Kwa hiyo uliza limetembea wapi mwaka huu. Mengi, zaidi ya elfu moja, bado yapo, na kila kiangazi baadhi yake hupeleka watu Imber, kijiji kilichohamwa mwaka 1943 katikati ya uwanja wa mazoezi ya jeshi huko Salisbury Plain. Basi lililoifanya safari kama hiyo likarudi kwa nguvu zake lina ushahidi ambao kung'aa hakuwezi kuutoa.

Mwisho omba kuona vitu viwili: faili la picha za kazi, bati kwa bati kabla ya kufunikwa, na rafu ya vitu vilivyotolewa. Mpini uliochakaa, kipande cha kitambaa cha zamani, hata bati lililooza lenye tabaka zote za rangi, vyote viwe na lebo inayosema vilitoka wapi na lini. Bila hivyo, hata basi zuri mimi hulipunguzia alama, kwa kuwa fundi atakayelifungua tena mwaka 2060 hatakuwa na pa kuanzia.